Aliyelipima Jiji kwa Miguu ya Shemeji

Tuseme ukweli mapema tusipotezeane muda: jiji hili limejengwa na watu wawili, na mmoja wao ni mimi. Kaka Meneja alichora, akapanga, akasimamia. Mimi nilishika usukani. Barabara ya mzunguko, daraja la mto, njia za mabasi ya kasi, hakuna hata moja iliyoanza kabla mimi sijawasha gari. Wahandisi wana vyeti, mimi nina funguo. Ndiyo maana Mkurugenzi alipotafuta mtu wa kuandika wasifu huu aliviruka vichwa vyote vyenye shahada akaja kutua kwangu, mimi niliyeachana na shule darasa la saba tukiwa tumenuniana. Dada wa utumishi anasema eti wahandisi watatu walianza kuandika wakashindwa kwa machozi. Hilo nalo ni kweli, lakini halinipunguzii kitu.

Kaka Meneja, msimamizi wa miradi ya usafiri wa kampuni yetu, anastaafu tarehe thelathini Juni baada ya utumishi wa miaka ishirini na miwili. Kwa mstaafu mwingine sentensi hiyo ingetosha. Angekwenda kwake akafuga kuku, tukawa tunakutana naye misibani na harusini, anazidi kunenepa. Kwa huyu sivyo. Alikuja kwa viza ya kazi, kampuni ikiwa mdhamini wake, na kibali cha namna hiyo kimefungwa kwenye ajira kama mbuzi kwenye kigingi. Kigingi kiking'olewa, mbuzi haulizwi anapenda malisho gani. Siku atakayorudisha kitambulisho cha mlangoni ndiyo siku atakayoanza kufunga mizigo. Mkurugenzi aliomba aongezewe muda, akaomba tena, akajibiwa kwa heshima kwamba umri ni umri na sheria ni sheria. Basi.

Kwao ni mbali, ndege mbili na kusubiri katikati. Hapa anamwacha mkewe, Shemeji yetu sote, aliyelala makaburini juu ya kilima. Nimeona niliseme hilo mapema, maana nikilichelewesha kalamu itanigomea.

Mimi ndiye niliyewapokea uwanja wa ndege. Yeye alitoka na mrija wa michoro begani kama mtu aliyebeba bomba la maji, na nyuma yake mwanamke mfupi, mnene kidogo, anayesukuma toroli lililomzidi urefu. Nikamwambia, "Karibuni, mimi ndiye mkuu wa usafiri." Mwanamke akanitazama juu hadi chini, safari ambayo haikumchukua muda, akasema, "Na gari lenyewe liko wapi, mkuu?" Tangu hapo nikawa shemeji yake na yeye akawa wangu, na utani ukaanza kabla hatujafika maegesho.

Kazini jina la utani la Kaka Meneja lilikuwa Tembea Kwanza. Hakuna njia aliyoikubali kwenye karatasi kabla hajaitembea kwa miguu, na wahandisi wake nyuma, kila mmoja amebeba mfuko wa viazi. Ndiyo, viazi. Alisema abiria hatembei mikono mitupu, kwa hiyo mpangaji naye asitembee mikono mitupu. Mtaalamu mmoja mgeni alikuja na viatu vya ngozi vinavyong'aa; tulipofika mwisho wa njia alikuwa peku, kakumbatia viazi vyake kama mtoto mchanga, na vivuko viwili vya waenda kwa miguu vilikuwa vimeongezwa kwenye mchoro kwa kauli yake mwenyewe.

Mafanikio yake mnayajua, mnapita juu yake kila asubuhi. Daraja la mto alilikamilisha kabla ya mvua kubwa. Mvua hizo zilipokuja, mimi ndiye niliyemvusha kwenye mafuriko ya bondeni, maji yakiwa yamefika kwenye vioo, na jioni nilipofungua droo ya gari nikakuta samaki wanne wazima. Shemeji alikuwa kila nikisimulia hayo ananikata: "Shemeji, jana walikuwa wawili. Wamezaa?"

Lakini fahari yake kubwa ni watu. Vijana wa hapa aliowafundisha leo wanasimamia reli na bandari nchi za watu, nao wakiwa wamedhaminiwa viza kama alivyodhaminiwa yeye. Aliwaandikia barua za kuwapendekeza, akawafundisha kujibu maswali ya usaili, akawaazima ile tai yake ya kahawia aliyokuwa akiivaa kila anapokwenda kuomba kibali upya, iliyoitwa na Shemeji "tai ya maombi". Na kila aliyeondoka alimwambia neno lilelile: "Kibali cha kazi ni mwavuli wa kuazima. Jikinge, fanya kazi yako, lakini usisahau kwamba mwenyewe atautaka." Vijana walicheka. Mimi pia nilicheka. Yeye hakuwa akicheka, sasa nikikumbuka.

Sasa niwaambie habari ya mabenchi.

Tulipojenga njia ya kwanza ya mabasi ya kasi, michoro ya mabenchi ya vituoni ilitoka nje, imepimwa kwa watu warefu. Kaka Meneja aliitazama akasema tumlete Shemeji. Akapigiwa simu aje kazini mara moja. Masikini, alidhani ameitwa kwa wakubwa. Akaja amevaa gauni la sherehe na viatu vya mchuchumio, akaingizwa karakana katikati ya cheche na moshi, akaambiwa akae kwenye benchi la mfano. Miguu ikabaki inaning'inia. Mafundi wakaangua kicheko. "Mnacheka nini?" akawauliza. "Nyinyi mnamjengea twiga? Twiga anapanda basi?" Wakakata miguu ya benchi kidogo kidogo mpaka soli zake zikagusa sakafu. Wakakata na fimbo ya kipimo, wakaipaka rangi ya manjano. Kituo cha hospitali kikawa cha kwanza kufungwa mabenchi hayo, yakamwagiwa zege, kazi safi.

Siku ya kufungua kituo Shemeji akaja amevaa kandambili. Akakaa. Miguu hewani.

Watu wazima, mafundi na mameneja, na mimi mwenyewe nikiwepo, hakuna aliyekuwa amefikiria viatu! Kaka Meneja alishika kichwa. Fimbo mpya ikakatwa siku ileile, safari hii Shemeji akiwa peku, na vituo vyote vilivyofuata, mpaka leo, vimejengwa kwa fimbo hiyo. Ndiyo maana mabenchi ya jiji letu ni mafupi. Warefu wakilalamika kwamba magoti yanawafika masikioni, Kaka Meneja alikuwa na jibu: mrefu akichoka kukaa atasimama, lakini mfupi anayening'inia hajakaa wala hajasimama. Kuhusu kile cha hospitali alitaka kukivunja zege, ila Shemeji akakataa katakata. "Kiacheni," alisema. "Siku nikivaa mchuchumio nitajua pa kukaa." Kikabaki. Kikawa kichekesho chetu cha nyumbani.

Halafu Shemeji akaugua.

Gari la kampuni Kaka Meneja hakuligusa kwa shughuli zake, hata nilipomsihi. Na Shemeji mwenyewe alitaka mabasi. Alisema hawezi kuolewa na mtu wa mabasi halafu apelekwe kwa teksi. Kwa hiyo siku za matibabu walikwenda kwa basi na kurudi kwa basi, na kituo chao kilikuwa kile.

Mchana mmoja nilipita pale. Nilimwona Shemeji amekaa kwenye benchi, mdogo kuliko nilivyomzoea, miguu imevimba, kandambili moja imedondoka. Kaka Meneja alikuwa amechuchumaa mbele yake katikati ya abiria. Alivua kofia yake ngumu ya kazini, akaiweka chini, akainua ile miguu mmoja mmoja akaipumzisha juu ya kofia. Nikasimamisha gari. Shemeji akaniona. Akaniambia kwa sauti ndogo, "Pita tu, shemeji. Hapa hakuna samaki."

Tulimzika miaka miwili iliyopita. Tangu siku hiyo Kaka Meneja hakupita tena kituo cha hospitali. Alikuwa akiniambia nizungukie nyuma, kwenye vumbi na mashimo, yeye aliyejenga lami ya mbele.

Mwezi huu, jibu la mwisho la kibali lilipokuja, tulikuwa garini. Tulipofika taa nyekundu ya pili akaniita kama alivyozoea kuniita kazini: "Mjomba, kile kituo."

"Cha mchuchumio?"

"Siwezi kuondoka miguu yake ikiwa hewani."

Akaomba kibali cha kushusha mabenchi kama anavyoomba mtu mwingine yeyote, kwa utaratibu alioutunga mwenyewe. Jibu likaja: yamepangwa kwenye matengenezo ya robo ijayo. Robo ijayo inaanza Julai. Yeye anaondoka Juni. Nilimwona akilisoma, akaikunja karatasi vizuri, akasema utaratibu ni mzuri, hauchagui mtu. Niliwahi kuona wanaume wakilia kwa sauti na haikunitisha kama ile "ni mzuri" yake.

Nikaenda karakana. Nitakayoyasema hapa Mkurugenzi atanisamehe, na kama hayakupaswa kuandikwa basi dada wa utumishi ayafute. Fundi mkuu wa kuchomelea, mama ambaye miwani yake ya kazi haishuki kwenye paji la uso hata akienda kula, alinisikiliza akiwa ameshika kikombe cha chai. Hakukimaliza. "Na hilo nalo linataka kikao?" akauliza. "Sisi tulikosea na viatu. Kosa letu, msumeno wetu." Akaitoa fimbo ya manjano ukutani, ile ya pili, ya peku.

Tulikwenda mapumziko ya mchana. Kaka Meneja nilimwambia tu apande, na safari hii sikuzunguka nyuma. Tulipofika alishuka polepole, akashika nguzo ya kituo. Mafundi wakaweka uzio, mashine ikaanza kulia, cheche zikaruka, abiria wakasogea wakinung'unika kwamba kampuni hii haiwezi kuona kitu kizima ikakiacha. Tulikuwa tumekata benchi moja, la pili linaegemea begani mwa fundi, mara gari la Mkurugenzi likasimama. Mashine ikazimwa. Tukatazamana kama wezi wa kuku. Mkurugenzi akatutazama, akaitazama fimbo ya manjano, akamtazama Kaka Meneja pale kwenye nguzo. Akavua koti, akalitundika kwenye uzio, akasema, "Nishike upande gani?"

Walipomaliza, fundi mkuu alisimamisha fimbo kando ya kila benchi, moja baada ya jingine. Sawa. Sawa. Sawa. Bibi mmoja aliyekuwa na bahasha ya picha za eksirei hakusubiri uzio utolewe. Akapita chini yake, akakaa, akatuliza nyayo zake chini, akashusha pumzi. "Haya," akasema, "leo mmekumbuka watu."

Kaka Meneja akageukia barabarani. Alisimama hivyo mabasi kadhaa yakipita. Hakukaa. Aligusa ukingo wa benchi kwa kiganja, kama mtu anayepima homa ya mtoto, akarudi garini.

Kaka, kwa niaba ya ofisi ya michoro, karakana, madereva, wauza tiketi na wote wanaokaa kusubiri, tunakushukuru. Ulikuja kufanya kazi ukatufanyia undugu. Mwavuli wanauchukua wenyewe, hatuna la kufanya, ila ukavu uliotuachia ni wetu. Makaburini usiwe na wasiwasi: mafundi wamepanga zamu ya kufyeka majani, na mimi nimejipa Ijumaa. Nitakuwa nikimsimulia habari za samaki mpaka achoke. Huko uendako upate usingizi mzuri, majirani wenye maneno mazuri, na mabasi yasiyochelewa. Na ukija kututembelea, nitakuwa uwanja wa ndege nimeshika kibao chenye jina lako.

Limebaki moja, dogo. Ule mto ninaoukalia kwenye gari, ambao miaka yote nimewaambia ni dawa ya mgongo. Mgongo wangu ni mzima. Bila ule mto sioni boneti. Shemeji ndiye aliyenishonea, mwezi wa kwanza tu, akanipa bila kusema neno, na siri hiyo amekwenda nayo. Pale kituoni nimekuwa nikisimama miaka yote nikisema dereva hakai. Juzi, nyinyi mafundi mlipokuwa mnakunja uzio, nilikaa kidogo. Nyayo zilifika.

Kwa hiyo karakana, ile fimbo ikipotea msihangaike. Niiteni, nitakuja peku. Mimi na Shemeji tulikuwa kimo kimoja.