Amri Isiyotaja Jina

Ndugu waombolezaji, asubuhi ya leo familia iliombwa isome sehemu ya kazi kwa kifupi, ili tusifukue makaburi, nasi tumekataa, kwa hiyo mtuvumilie, tutaisoma yote.

Marehemu dada yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1979, katika chumba cha nyuma cha duka la mama la ushonaji, akiwa wa pili kati ya watoto wanne, na wa kwanza kwa ubishi. Alianza shule ya msingi mwaka 1986, akaenda sekondari ya bweni, na Novemba 2002 akahitimu chuo cha kompyuta.

Januari 2004 aliajiriwa na kampuni inayokodisha mfumo mmoja wa mtandaoni kwa shule nyingi, kila shule ikiwa kama mpangaji mwenye chumba chake ndani ya nyumba moja, na mfumo ulipougua yeye ndiye aliyeutibu kwa kuandika amri kwenye kioo cheusi. Ubaya wa mfumo ule, amri isiyotaja jina la mpangaji ilimwangukia mpangaji wa kwanza kwenye orodha, kisha ikajibu kwa adabu zote kwamba imefaulu. Ndiyo maana kila aliyemletea kazi aliulizwa kwanza, "Kwa nani?", mpaka likawa jina lake.

Hata fundi umeme aliyekuja kutengeneza soketi za ofisini, alipomwambia kwamba anataka kupeleka posa, aliulizwa kwa nani, akajibu kwako wewe, wakafunga ndoa Desemba 2007, wakajaliwa mabinti wawili na kitinda mimba wa kiume.

Juni 2018 meneja, akiwa na haraka zake, aliandika mwenyewe amri ya kufuta shule ya kubuni ya majaribio, na matokeo yote ya mtihani ya shule ya wasichana, mpangaji wa kwanza kwenye orodha, yakatoweka. Akasema mkono ni wa marehemu, akamtaka aombe radhi yaishe. Dada akakataa katakata, akaweka nakala ya mfumo mbele ya wote, akafuta shule ya majaribio kwa kuitaja jina, wasichana wakabaki, akarudia bila jina, wasichana wakatoweka, na kioo kikajibu imefaulu. Ndipo akamgeukia meneja, akamwuliza amri yake ilikuwa kwa nani.

Matokeo aliyarudisha kutoka kwenye akiba, malipo yake yakawa kuhamishiwa meza ya stoo, wala hakuacha kazi, alisema mwenye kosa ndiye aondoke. Huko stoo aliuwekea mfumo kufuli, na hadi leo amri isiyotaja mpangaji inagoma, kioo kinauliza: Kwa nani?

Agosti 2022 alianza kuugua figo, na tarehe 3 Mei 2024 alifariki wodini, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Tunawashukuru madaktari, wauguzi waliokubali kusoma jina lake kwenye kila dawa, majirani waliotulelea watoto, wafanyakazi wenzake, na meneja aliyeleta shada pamoja na lile ombi la asubuhi. Shada tumelipokea. Ile samahani ndiyo haijafika bado, na kama yupo anayejiuliza ni kwa nani, ndiye huyu aliyelala hapa mbele yetu.

Pumzika kwa amani, Kwa Nani wetu.