Raili Törmänen na Yule Mmoja Aliyebaki Ameshika

Ijumaa tarehe 29 Agosti 2025, Raili Törmänen atarudisha kadi yake ya mlangoni baada ya kuitumikia kampuni yetu, Koskilanka, kwa miaka thelathini na mmoja. Aliingia Septemba 1994, tulipokuwa watu kumi na wawili katika vyumba vitatu juu ya duka la rangi hapa mjini Oulu. Tangu siku hiyo amefanya kazi moja tu: kuandika programu endeshi za kadi za mtandao, yaani zile zinazouwezesha mfumo wa mashine kuelewana na kadi inayopeleka na kupokea data.

Watu wa nje hudhani ugumu wa kazi hiyo ni kuiwasha kadi. Kuiwasha ni rahisi. Kazi ni kuiaga. Kadi ikichomolewa, mfumo hufuta kumbukumbu yote iliyotengwa kwa ajili yake, lakini si kabla ya kila sehemu ya programu iliyoishika kuiachilia. Ukifuta mapema, aliyeshika atakuja kuandika mahali ambapo sasa pana mali ya mwingine. Asipoachilia kabisa, mashine hukwama ikisubiri. Ndiyo maana kila kadi ina hesabu yake: anayeishika huongeza moja, anayeiachilia hupunguza moja, na ikifika sifuri ndipo inafutwa. Maelezo ni mafupi. Nimewaona watu wenye shahada tatu wakishindwa nayo.

Raili huandika mwisho kwanza. Kabla hajaandika mstari hata mmoja wa kuipokea kadi, huwa ameshaandika namna itakavyoondoka. Waajiriwa wapya walicheka, mpaka yeye alipoikagua kazi yao. "Umealika wageni ukumbi mzima," alimwambia mmoja mbele yetu sote, "haya, ufagio uko wapi?" Mwenzetu huyo leo anaongoza idara, na bado anaulizwa habari za ufagio.

Lakini sisi tuliokuwepo tutamkumbuka kwa Januari 2011.

Mitambo yetu ilikuwa imefungwa katika hospitali moja ya kaskazini, ambako madaktari walipokea picha za wagonjwa kutoka vituo vya mbali. Mafundi walipochomoa kadi iliyochoka ili waweke nyingine, mara nyingi mambo yalikwenda vizuri. Mara chache, mtambo uligoma na kuanza kuandika, kila baada ya sekunde kumi: nasubiri kifaa kiachiliwe, walioshika ni mmoja. Haukunyamaza mpaka uzimwe kwa nguvu, na ukizimwa, picha zote zinakatika. Ilikuwa Alhamisi. Mkurugenzi alitupa hadi Jumatatu. Baada ya hapo mteja angejitoa, na kikundi chetu cha watu saba kingevunjwa.

Ilmari Vesanto, aliyekaa meza ya pili kutoka kwa Raili, alipata dawa kabla ya kahawa ya saa nane: mtambo ukikwama, hesabu ilazimishwe kuwa sifuri. Aliijaribu mara mia, ikapita mara mia.

"Raili, acha ubishi wako," alisema. "Ujumbe umepotea. Jumatatu tunakula keki kama watu wengine."

"Ujumbe umepotea, ndiyo. Na huyo mmoja ni nani?"

"Ananihusu nini? Hayupo tena!"

"Yupo. Wewe umemvunjia nyumba tu, hujamwambia. Atarudi kuandika palepale, na pale patakuwa na picha ya mapafu ya mtu. Utamweleza nini daktari, Ilmari?"

Ilmari aliivuta mashine yake karibu, akaifuta dawa yake mwenyewe.

Raili alichapisha programu nzima, akaibandika ukutani. Alipata mahali arobaini na patatu ambapo kadi ilishikwa, na kwa kila mahali alifuata kwa kidole njia zote za kutokea, hata zile ambazo hakuna aliyewahi kuziona zikitumika. Hakukimbia. Tulipita nyuma yake kimya kimya, kama watu wapitavyo nyuma ya anayesali. Jumapili mchana, katika mahali pa thelathini na nane, kidole kilisimama. Ilikuwa sehemu inayosubiri jibu kutoka mashine jirani. Kadi ikichomolewa katika sekunde ileile ya kusubiri, programu ilitoka kwa mlango wa pembeni bila kuiachilia. Juu ya sehemu hiyo palikuwa na tarehe, Machi 2000, na herufi mbili za jina la mwandishi.

Jumatatu, mbele ya mkurugenzi na mjumbe wa mteja, Raili alisimama. "Huyo mmoja ni mimi," alisema.

Ilmari aligeuza kiti chake kumtazama. Akauliza: "Miaka kumi na mmoja umeng'ang'ania kifaa cha watu?"

"Nimekiachilia leo asubuhi. Mistari miwili."

Mjumbe alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akauliza, kwa sauti nyingine kabisa, kama yule aliyejitaja ndiye atakayeendelea kuitunza mitambo yao. Alipoambiwa ndiye, alisema wanabaki. Kikundi hakikuvunjwa; leo kina watu kumi na tisa.

Mtambo wa mwisho kati ya ile ya hospitali uliondolewa Juni mwaka huu. Kwa miaka kumi na minne kadi zake zilichomolewa na kubadilishwa, wala haukuzimwa kwa nguvu hata mara moja. Ilmari aliomba taarifa iliyochapishwa ya dakika yake ya mwisho, akaiweka mezani kwa Raili. Kila kilichochukuliwa kilikuwa kimerudishwa, kimoja baada ya kingine, mpaka sifuri. Raili aliusoma ukurasa mzima, taratibu, akaukunja, akavaa kofia yake ya baiskeli.

"Basi," alisema, "sasa naweza kwenda."

Nenda, Raili, na asante kwa yote. Kuusamo, unakokwenda kupumzika, ikupokee vizuri, kuni zako ziwe kavu, na kila asubuhi ya mapumziko yako iwe njema.