Wale Wanaobaki Nje ya Geti

Tumshukuru Mungu aliyetufikisha hapa Lanet, hata sisi tuliotoka mbali. Kina mama wa kikundi hiki, asanteni kwa kunialika, ingawa mmenipa kazi ngumu. Mimi sijazoea kusimama mbele ya watu, kwa hivyo mnivumilie.

Nilizaliwa Olenguruone, nikaolewa Ndabibi. Mume wangu alifariki binti yetu akiwa bado shule ya msingi. Shamba tulilolima lilikuwa la kukodi, likarudi kwa mwenyewe. Nikabaki na wazo moja tu, lile lile la kila mama wa upande huo: kazi ya maua, kwenye mashamba makubwa ya kando ya ziwa.

Kwa wale hamjui, wacha niwaeleze vile watu huandikwa kazi kule kwetu. Kabla ya msimu mkubwa, kampuni inatangaza siku. Mnafika getini nyasi zingali na umande, mnapanga laini. Supavaisa anapita akisema neno moja: "Mikono." Haulizwi mtu alisoma wapi. Unanyoosha viganja, anavigeuza, unakunja ngumi, unakunjua. Akikuonyesha geti kwa kidole, umeingia. Akipita kwa mwenzako bila kusema kitu, basi, hujachukuliwa. Na msimu ukiisha wote mnatoka, mnarudi kupanga laini tena msimu unaofuata, hata kama ulikuwa hodari namna gani.

Mwaka ule nilichukuliwa. Nikapewa mama mmoja wa umri wa kunizaa, anifunze kukata waridi. Huyo mama, nawaambia, alikuwa na mdomo. Siku za kwanza hakuniruhusu hata kugusa makasi. "Weka mikono nyuma," aliniambia. "Kata na macho kwanza." Nikawa namfuata kwenye grinhausi, zile nyumba za plastiki za maua, mikono nyuma kama askari wa gereza, wengine wakinicheka. Alinionyesha jicho la tawi, pale chipukizi jingine litatokea, na kwamba unakata juu yake kidogo tu. Ukishuka chini sana umeua ua ambalo halijazaliwa. Ukiacha kisiki kirefu, kinaoza. Siku aliponipa makasi, sikukosea.

Niliishi na kazi hiyo misimu mingi. Binti akasoma mpaka kidato cha nne. Yule mama akazeeka, laini ikamwacha, nami sikuwaza sana. Nilikuwa nikimwona siku za kuandikwa, amesimama ng'ambo ya barabara na thamosi yake ya chai, nikidhani ni upweke tu wa wazee.

Halafu sufuria ya mafuta ya mandazi ikanimwagikia mkono wa kulia. Ulipona, lakini vidole viwili vilikataa kukunjika. Ndio hivi, mnaviona.

Siku ya laini ilipofika nilienda, maana ningefanya nini? Binti yangu pia alikuja, mara yake ya kwanza. Tukasimama sako kwa bako. Niliweka mikono nyuma, nikiomba Mungu supavaisa akumbuke kazi yangu, asiangalie vidole. Alifika kwangu. "Mikono." Nikatoa. Aliniambia nikunje ngumi. Nilikunja, vile viwili vikabaki vimesimama. Aliviangalia kwa muda, na naamini alinihurumia, kwa sababu hakuniangalia usoni. Akapita. Akageuza mikono ya binti yangu, akamwonyesha geti.

Msichana hakuenda. Alinishika kwa sweta, akasema tutarudi nyumbani wote. Supavaisa akamwambia kama hataki aseme, kuna wengi wanaotaka.

"Ingia," nilimwambia. "Usiniangalie. Ingia."

Akaingia. Geti likafungwa, na mimi nikabaki pale. Kina mama, nimezika mume. Lakini uchungu wa siku hiyo ulikuwa wa aina nyingine, maana mume nilizika nikiwa katikati ya watu. Pale kila mtu aliondoka na njia yake, ameinama, hakuna anayetaka kuonekana. Nilifikiria kujitupa ziwani, nawaambia ukweli. Miguu ilianza kwenda upande huo.

Ndipo nikasikia ng'ambo ya barabara: "Wewe, njoo unywe chai. Ama unafikiri mimi husimama hapa kuhesabu malori?"

Alikuwa yule mama aliyenifunza kukata. Alinimiminia chai, na mkono wangu mbaya uliposhindwa kushika kikombe, akaushika na kikombe chake pamoja, akaushikilia hivyo mpaka nikamaliza. Hakunipa mahubiri. Alinisindikiza hadi mlangoni kwangu akilalamika njia nzima juu ya magoti yake.

Nililala kitandani siku nyingi baada ya hapo. Chakula alicholeta binti nilikiacha hapo hapo. Kisha jioni moja akarudi analia: anakata vibaya, na wakati wa kujaribiwa ukiisha atatolewa. Yule aliyepewa amfunze hana subira. Nilimwangalia akilia, nikaona nimechoka kulala. Nikamtuma kwa jirani aombe matawi ya waridi la uani kwake. Alipokuja nayo, akakimbilia kisu.

"Weka mikono nyuma," nikamwambia.

Sikuweza kukata. Niliweza kuonyesha na kusema. Hakutolewa kazini, na wasichana wenzake wakaanza kuja kwangu jioni. Mpaka leo wanakuja kabla ya msimu, na wakifika getini wanajua wanachoendea.

Kampuni haikunirudisha. Nisiwadanganye kwamba mlango ulifunguka. Na yule mama tulimzika masika haya, hata hakuona mahindi yakichanua. Ninamlilia bado. Familia yake walinipa thamosi yake, kifuniko kimepasuka.

Ninamshukuru yeye, ingawa hasikii. Ninamshukuru binti yangu aliyenivumilia nikiwa nimelala nimegeukia ukuta, na jirani aliyeacha waridi lake likatwe hovyo. Na nyinyi mnaoajiri watu, hata kama ni mmoja wa dukani: chagueni, ni haki yenu, lakini usiyemchukua mwambie kwa mdomo, ukimwangalia. Nanyi mliochukuliwa, mnapoingia, jueni kuna mtu amebaki nje.

Siku ya laini iliyopita, baada ya mazishi, nilisimama ng'ambo ya barabara na thamosi hiyo; alibaki nje msichana mmoja, viganja vyake vinatoka jasho, supavaisa hakuvipenda. Alianza kutembea upande wa ziwa. Nilimwita. Alikuja, kikombe kikamteleza kwa lile jasho, nami mkono wangu hauwezi kushika vizuri. Basi tulikishika wote wawili, chai ikatumwagikia, na tukainywa.