Chakula cha Nereah Kisibaki Kwenye Chujio

Wekulo aliketi kwenye kochi, mto mgongoni, kwa sababu akilala pumzi ilikatika. Alikuwa amechomelea milango na madirisha ya Kibera maisha yake yote, na sasa mapafu yalikuwa yamekwisha kabla ya mikono. Upande wa pili wa chumba chao cha Sarang'ombe, humo humo Kibera, mkewe Nereah aliegemezwa kitandani, mrija mwembamba umepita puani hadi tumboni. Tangu apate kiharusi hakuweza kumeza wala kusema; alisikia tu, na macho yake yalimfuata kila aliyezungumza. Watoto wao wawili walikuwa wameitwa baada ya kanisa: Trizah, anayefanya kazi na kulala kwa tajiri wake mtaa wa Olympic, na Morris, aliyekuja kutoka Kawangware na mkewe Wakarima.

Trizah ndiye aliyeanza. "Baba, mimi nalala kwa watu. Mum nitamweka wapi? Tumpeleke tu nyumbani Kimilili."

"Kwa nani?" Wekulo aliuliza.

Nyumba ya Kimilili ilikuwa imefungwa kwa kufuli miaka mingi.

"Keti, Trizah. Morris, zima hiyo simu. Nisikilizeni wanangu, maana sina pumzi ya kurudia. Mashine ya kuchomelea ni ya Morris. Cherehani ya mama yenu ni ya Trizah. Shamba ni lenu nyote wawili, msilikate kwa ugomvi. Hayo yameisha. Lililobaki si kitu, ni mtu, na mtu huyu huona njaa kama ninyi ila hawezi kuita.

"Mnakumbuka alivyokonda mwezi wa pili? Mlisema ni ugonjwa, na mimi nikasema ni ugonjwa, nikaanza kumwomba Mungu amchukue polepole. Ndipo Angeline, yule nesi anayepita majumbani, akapima unene wa mkono wake akaniambia, mzee, nionyeshe unavyomlisha. Nikasaga uji na njugu na yai, nikapima kikombe kikajaa, nikauchuja kwa kitambaa usije ukaziba mrija. Akasema, sasa pima kilichotoka. Wanangu, karibu robo haikuwepo! Kitambaa kilikuwa kimeinywa, nyingine imeshika kwenye sufuria, nyingine kwenye jagi, huku tone na huku tone. Ukipikia watu kumi hasara hiyo huioni. Lakini huyu mlo wake ni kikombe kimoja, na vyombo vilikuwa vinakula kabla yake. Alikuwa anakufa njaa na sisi tumeketi hapa tukimwombea."

Alikohoa hadi machozi yakamtoka. Nereah alimtazama.

"Ni saa ya mlo wake. Morris, simama ufanye nikiona."

"Baba, hii ni kazi ya nesi."

"Nesi ana nyumba nyingi. Simama. Achana na hicho kitambaa, chukua chujio dogo, chakula chenyewe ni kidogo. Lilowanishe kwanza kwa maji yaliyochemshwa, likiwa kavu litakunywa. Chujia moja kwa moja ndani ya kikombe cha kupimia, usipitishe kwenye jagi, kila chombo unachoongeza kinabaki na sehemu yake. Bonyeza kwa mgongo wa kijiko, halafu ngoja lidondoke. Ngoja, nimesema! Upime baada ya kuchuja, si kabla. Kisha uchukue sehemu ya maji yake ya kunywa, usuuze sufuria na chujio na kikombe, uyachuje, hayo pia ni chakula chake, umpe. Maji safi yaje mwisho, ya kuosha mrija."

Lakini Morris alimimina kwa haraka. Sufuria iligonga kikombe, kikapinduka, na uji ukatambaa mezani hadi ukaanza kudondoka sakafuni. Nereah alifumba macho.

"Siwezi," Morris alisema, akalia waziwazi kama mtoto. "Pole, Mum. Siwezi."

Wakarima alimtoa mumewe chujio mkononi, akalisuuza, akamimina uji uliosalia.

"Wakarima, mwanangu," Wekulo alisema, sauti imeshuka. "Nilipokuja kukuposa, baba yako Kihara alinifukuza langoni, akasema fundi wa Kibera hatakanyaga ploti yake ya vyumba vya kupangisha. Nilichukia miaka yote hiyo. Leo sina nafasi ya chuki. Mwombe kile chumba cha nyuma, Nereah alale hapo. Akitaka nije nimpigie magoti, nibebeni mnipeleke."

"Nilishamwuliza, Baba." Hakuinua macho kutoka kwenye chujio. "Alikataa."

"Lakini chumba changu pale kwake nalipa kodi kama mpangaji yeyote," Wakarima aliendelea. "Atalala na mimi kitandani. Morris atalala kwa kochi. Baba yangu akikasirika, akasirike."

Trizah alijifuta pua. "Mimi nitakuja siku zangu za ofu. Zote."

"Basi Mungu..." Wekulo alipumzika, akaanza upya. "Mungu awatie nguvu mikononi. Awape usingizi, hata ukiwa mfupi. Watoto wenu wasije wakawachoka kama... kama mnavyoweza kumchoka yeye. Mkinizika, msicheleweshe mlo wake. Mimi nitangoja. Yeye asingoje. Mgeuzeni ubavu. Mwongelesheni... anasikia. Nere..."

Wakarima alimpa Nereah chakula kwa sirinji, taratibu, kisha maji ya kusuuzia, kisha maji safi. Alipomaliza aliinua kikombe kwenye mwanga wa mlango aone kama kuna kilichobaki.

"Anakula tena saa ngapi, Baba?"

Wekulo alijua jibu. Neno lilikuwepo, pumzi ndiyo haikuwepo. Trizah alipiga magoti, akaweka sikio karibu na midomo yake hadi ikacheza.

"Saa kumi," alisema hatimaye. "Amesema saa kumi."