Tangazo Katikati ya Risala

Jamani, hili hamtaamini, na hata mngekuwepo mngejikuna kichwa: risala ilisimamisha treni. Ndiyo, risala! Karatasi ya kusomea wakubwa!

Aliyepewa kuisoma ni dada wa matangazo, stesheni nzima wanamwita Sauti. Siku zote anajifungia kwenye kichumba chake cha kioo, abiria wanamsikia tu hawamwoni. Leo kasimama juani mbele ya meza kuu ya mgeni rasmi, karatasi mkononi. Nyuma yake treni ya ziwani inang'aa rangi mpya, imejaa watoto wa shule wanaosubiri maneno yaishe waondoke. Na dereva wake, kule mbele kwenye kichwa cha treni, ni mdogo wake Sauti, wa tumbo moja.

Asubuhi ile mdogo wake alimvuta pembeni, penye bomba la maji.

"Dada, breki za mabehewa haya zinashika zikipenda."

"Umemwambia mkuu wa kituo?"

"Kanijibu kama naogopa niache kazi, wenye leseni wamejaa mtaani. Nitaishusha polepole. Ila usimwambie mtu, wanangu watalala njaa."

"Na ule mteremko wa ziwani je?"

"Nimekwambia kama dada yangu, sijakwambia kama spika ya stesheni!"

Basi, maiki ikawashwa.

UTANGULIZI

*Mgeni rasmi, sisi wafanyakazi wa kituo hiki tumekungoja kwa hamu. Tumefagia, tumepaka chokaa, hata saa yetu ya ukutani leo imekubali kutembea.*

Watu wakacheka. Mkuu wa kituo hakucheka.

HISTORIA YA KITUO

*Mgeni rasmi, hapa palikuwa na tangi la maji na kibanda tu. Magari moshi yalisimama kunywa maji kabla ya kuteremka ziwani. Baba zetu walitia makaa, mama zetu waliuza chai madirishani. Mpaka leo, kwenye kona ya mwisho, dereva hupiga honi ili waliolala waamke, na behewa zima huhamia madirisha ya kushoto. Wapo waliopanda wakigombana, wakaliona ziwa, wakasahau walikuwa wanagombania nini.*

Aliposoma "dereva hupiga honi," mdogo wake kule mbele akadhani kaambiwa yeye. Pooooo! Watoto wakashangilia.

MAFANIKIO

*Mgeni rasmi, mabehewa yamepakwa rangi. Viti vimeshonwa upya. Vyooni maji yanatoka.*

Na breki? Moyo wake ndio ulikuwa unauliza. Karatasi ilikuwa kimya.

CHANGAMOTO

Hapa sasa. Wafanyakazi walikuwa wameandika changamoto mpaka kalamu ikalia. Mkuu wa kituo akazifuta zote, akaandika yake moja.

*Mgeni rasmi, kwa sasa hatuna changamoto yoyote.*

Makofi! Katoto kamoja dirishani kakampungia mkono. Sauti naye akapunga, halafu mkono ukakataa kushuka.

"Maombi! Soma maombi!" mkuu wa kituo akanong'ona, meno yamebana.

MAOMBI

*Mgeni rasmi, tunaomba... tunaomba...*

Mara ikatoka ile sauti yake nyingine, ya kwenye kichumba cha kioo, tulivu kama hakuna kitu:

"Tangazo, tangazo. Abiria wote wa treni ya ziwani mnaombwa mshuke. Treni haitaondoka mpaka breki zikaguliwe. Tunaomba radhi kwa usumbufu."

Mazoea jamani! Hakuna aliyeuliza. Walimu wakaanza kushusha watoto, mabegi mgongoni. Mgeni rasmi mwenyewe kanyanyuka, kachukua koti, ndipo akakumbuka kwamba hajapanda bado.

Kule mbele kichwa cha treni kikakohoa, kikanyamaza. Mdogo wake kakizima mwenyewe.

"Nani kakwambia breki mbovu?" Mkuu wa kituo kamrukia. "Ni huyo mdogo wako, siyo? Sema!"

Mgeni rasmi akainua mkono kumtuliza, kisha naye akauliza, kwa upole ambao ndio ulitisha zaidi: "Binti, nani kakwambia?"

Maiki bado iko wazi. Dirishani mdogo wake kavua kofia, anamwangalia tu. Sauti akateremka na kidole mpaka mstari wa mwisho wa karatasi.

*Mgeni rasmi, Mungu akurudishe kwako salama, na watoto hawa awarudishe kwa mama zao.*

Kisha akaongeza yasiyoandikwa:

*Waliosema ni sisi. Sisi wafanyakazi wa kituo cha treni ya ziwani.*

Kisha kwenye viti vya plastiki fundi wa reli akasimama. "Ni sisi." Muuza tiketi akasimama. Mama mfagiaji akasimama, fagio mkononi. Mkuu wa kituo anawapitia mmoja mmoja kwa macho, anatafuta wa kuanza naye, na viti vingine bado vina watu.

Haya, ungekuwa wewe umekaa pale, na kazi unayo hiyo hiyo moja: ungesimama?