Kiguu na Njia, Aliyekataa Kurudia

Ndugu, jamaa na marafiki, mpendwa wetu huyu, ambaye wengi wenu mnamwona ametulia kwa mara ya kwanza, alizaliwa tarehe 9 Machi 1971 katika chumba cha nyuma cha duka la baba yake, fundi viatu. Alikuwa mtoto wa pili na wa mwisho. Mama alisema alianza kutembea kabla hajajua kukaa. Majirani wakamwita Kiguu na Njia, likamganda. Jina la kwenye cheti alilitumia benki tu.

Alianza shule ya msingi mwaka 1978 na kumaliza sekondari mwaka 1988. Siku moja alifika masomo yakiwa nusu. Mwalimu wa zamu akamwuliza kulikoni. Akajibu, "Mwalimu, ya leo nimechelewa, lakini ya kesho nimewahi." Akapewa uwanja afyeke. Wenzake ndio waliofyeka, yeye akawa anawasimulia. Huo ulikuwa mkataba wake wa kwanza, na hakuna aliyelalamika.

Mwaka 1989 aliajiriwa kwenye kiwanda cha uchapishaji. Akaondoka. Akauza magodoro, akaondoka. Akawa karani wa ghala, akaondoka huko pia. Hakuwa mvivu, ila akishawachekesha wote waliokuwepo, haoni tena sababu ya kubaki. Mwaka 1994 aliingia redioni kuandika vichekesho vilivyosomwa na watu wengine, nao ndio waliosifiwa. Dada yake, muuza vitambaa anayewasomea wasifu huu, alikwenda kuonana na mtayarishaji wa kipindi.

"Jina lake litajwe kipindi kikianza."

"Dada, mwandishi huwa hatajwi."

"Sawa. Jumatatu wasomee taarifa ya hali ya hewa, tuone watacheka wangapi."

Likatajwa.

Alifunga ndoa tarehe 14 Septemba 1996. Mke wake alikuwa karani kwenye dirisha la kulipia maji. Marehemu alikuwa na desturi ya kujaribu vichekesho vyake kwenye foleni: zahanati, posta, popote watu walipokwama wakiwa na hasira. Foleni ya maji ilicheka yote, isipokuwa yule aliyekuwa nyuma ya kioo. "Ndugu, namba ya mita," ndilo lilikuwa jibu lake. Marehemu akarudi mara nyingi na vipya, hata bili ilipokuwa imeshalipwa. Siku karani alipocheka, ilikuwa ni kwa sababu mteja wake huyo amejikwaa kwenye zulia la mlangoni. Hadi mwisho wa maisha yake alinung'unika kwamba ameoa kwa msaada wa zulia. Walijaliwa binti mmoja.

Mwaka 1998 alipanda jukwaani mwenyewe, na hapo ndipo dada yake alipopata kazi ngumu ya kumpatania mikataba. Marehemu hakurudia kichekesho. Kikishachekwa ukumbini, kwake kimekufa. Mwaka 2006 kituo cha televisheni kilitaka kurekodi kile cha kijana anayeomba kuoa huku amemshikia baba wa msichana ngazi: "Mzee, usiharakishe kujibu, mikono yangu haijachoka." Dada alipatana na wakubwa wa kituo, wakakubali kila sharti. Marehemu akapanda jukwaani akasimulia mambo ambayo hakuna aliyewahi kuyasikia. Ngazi hakuigusa. Hawakupiga simu tena.

"Ulikuwa unataka nini?" dada alimwuliza.

"Kingine."

Ndivyo alivyoishi. Kumbi nyingi, vicheko vingi, na hakuna kilichobaki mahali popote ila vichwani mwa watu, na watu husahau.

Mwaka 2021 aligundulika na uvimbe kooni. Baada ya upasuaji sauti ikabaki mnong'ono. Mtu aliyekuwa hakai alianza kuizunguka meza ya jikoni kuanzia asubuhi, na sote tukajua anachokiogopa: akifa, kazi yote ya maisha inaondoka naye. Hata hivyo hakukubali kusema. Binti yake, mpima ardhi kwa taaluma, akamfuata huku akiizunguka naye meza.

"Baba, nipe nivisimulie mimi."

"Vimeshachekwa."

"Na nani? Mimi nilikuwa sijazaliwa, au nimeshalazwa."

Marehemu akavuta kiti. Akakaa. Alimfundisha hapo jikoni, akigonga meza kwa kijiko pale binti anapotakiwa kunyamaza, na kugonga kwa nguvu zaidi alipokosea. Mke wake alikuwa akifua, na mara mbili alilazimika kutoka nje asimpe mumewe ushindi wa kumwona anacheka.

Tarehe 22 Aprili 2023 binti alipanda jukwaani. Marehemu aliwekewa kiti mbele, hakukikalia. Alisimama pembeni, akatoka, akauzunguka ukumbi kwa nje, akaingia kwa mlango mwingine. Watu walicheka hadi wakafutana machozi. Akamjia dada yake, akamnong'oneza sikioni:

"Kile cha pili amekiharakisha. Mwambie akirudie."

Dada alimwomba aseme tena, ahakikishe. Akasema tena, kwa hasira. Wiki iliyofuata binti alikirudia, naye akarudi kukisikiliza.

Alifariki dunia nyumbani tarehe 3 Juni 2023, saa mbili asubuhi, akiwa ameomba aletewe viatu.

Ameacha mjane, binti, mkwe mmoja ambaye hajawahi kushikishwa ngazi, wajukuu wawili, na dada. Ijumaa ijayo binti atapanda tena jukwaani. Vichekesho ni vilevile.

Kupumzika ni jambo ambalo marehemu hakulijua. Mungu amfundishe taratibu, na ampe amani akiwa anajifunza.