Kipimajoto Hakijibu

Nilikuwa namenya viazi mlangoni, beseni katikati ya miguu, binti yangu alipotoka ndani na uso wa mtu aliyemeza shubiri. "Mama, wamenirudishia kazi, hawaikubali." Mbele ya mlango wetu pana benchi la wanywa kahawa, na benchi hilo halijui neno siri. Betri, fundi wa simu, akaweka kikombe chini. Kinyozi akasogea ili binti akae.

— Kazi ipi, mwanangu? Betri akauliza.

— Kwenye kiini cha mfumo wa kompyuta, ile sehemu ya ndani kabisa inayoongoza mashine nzima. Inaandika ujumbe huohuo mfululizo: kipimajoto hakijibu, kipimajoto hakijibu. Ubovu wa kweli unafukiwa humo, hakuna anayeuona. Mimi nikaufuta ujumbe huo. Mkaguzi wa kazi zetu anasema kimya hicho ni hatari, nifikirie upya. Nisiporekebisha leo, muda wangu wa majaribio kazini unaishia hapa.

Kisu changu kikasimama kwenye kiazi. Ile kazi tuliingoja sana nyumba nzima.

— Mashine ina homa, Kinyozi akasema. Ndiyo maana inalilia kupimwa.

— Acha zako! Betri akamkatiza. Inataka kusikilizwa tu. Redio yangu nikiitelekeza, siku nikiiwasha inanikoromea.

— Basi wewe hujui. Zinasengenyana hizo. Huyu mkaguzi naye ana mashine yake, inamletea umbea wa mashine za wenzake. Mtoto kaukata, lazima achukie.

— Sasa kwa nini zisengenyane habari za joto?

— Ulitaka zisengenye nini, nywele zako?

Binti hakucheka. Hapo akatokea Mama Pacha, fundi cherehani wa nyumba ya nyuma, kuja kunirudishia sufuria. Akasimama nayo kiunoni, akasikiliza.

— Samahani, mie haya mambo siyajui. Kompyuta zote zina hicho kipimajoto?

— Hapana, mama. Za bei rahisi zinatoka kiwandani bila.

— Sasa isiyokuwa nacho tangu mwanzo, na iliyokuwa nacho kikafa, zote zinasema "hakijibu"?

Kinyozi akachungulia kikombe chake, kitupu. Binti alinitazama mimi, kana kwamba ningejua. Kisha akainuka, akaruka beseni langu, akaingia ndani.

— Na wewe Mama Pacha, Betri akalalamika, ungeuliza kitu chepesi.

Birika lilikuwa limekauka. Wakaondoka wakibishana kama joto lina harufu.

Jioni nikapakua viazi na mchuzi, nikahesabu vichwa. Baba yao yupo, bibi yao yupo, wadogo wawili wameshaanza kugombea kijiko. Kaka yao mkubwa anaishi mbali, sahani yake siiweki, wala simwiti. Aliyekosekana ni binti. Nikapaza sauti mara moja.

Akaja na simu mkononi.

— Kompyuta za aina zote mbili zilikuwa zinasema maneno yaleyale, mama. Sasa isiyokuwa nacho inanyamaza. Iliyokipoteza ndiyo inapiga kelele, tena mara moja tu.

— Mkaguzi je?

— Kakubali. Nabaki.

Bibi yake akapiga kigelegele, mchuzi ukamwagika. Nikafuta meza.

— Kaa basi, nikamwambia, vinapoa.

Akakaa. Tukatimia.